Mama hanywi chai ya sukari

Tangu mwaka jana, siku muganga alipomwambia ana ugonjwa wa sukari, Mama anakunywa chai kavu. Kikopo cha sukari alikitoa mezani, akampa jirani. Ndiyo maana Jumapili, saa mbili baada ya kula, nilipomtoboa kidole na mashine ya kupima sukari ya damu ikaandika 212, namba ya juu, alikasirika kwelikweli. "Sijalamba hata kijiko! Nimekula fufu na sombe tu." Yaani ugali wa muhogo na majani ya muhogo.

Nikamletea kipande cha kiazi kilichochemshwa. Nikamwomba atafune asimeze, mpaka nihesabu sitini. Kufika hamsini akanitazama. "Kinakuwa kitamu."

Utamu ule hakuna aliyeutia. Wanga wa kiazi, wa muhogo, wa mahindi, wote ni glukosi, sukari ile ile mashine inayopima kwenye damu, zilizotungwa kama shanga kwenye uzi mrefu. Uzi ukiwa mzima, ulimi hauonji chochote. Mate yana kimeng'enya, amilase, kinachoukata vipande vipande.

Ila sisi wa Bukavu fufu hatuitafuni, tunaimeza, na asidi ya tumbo inazima amilase ya mate mapema. Kazi kubwa inabaki kwa kongosho, ambalo linamwaga amilase yake kwenye utumbo mwembamba. Ukuta wa utumbo unamalizia kukata, na glukosi inaingia kwenye damu. Muhogo uliosagwa unga kisha ukasongwa kwenye maji ya moto ni laini mno, vimeng'enya havikuti kizuizi chochote. Tena sukari ya chai nusu yake tu ndiyo glukosi. Nusu ya pili ni fruktosi, ambayo kwa sehemu kubwa inashughulikiwa na ini. Kwa uzito ule ule, unga wa fufu unaleta glukosi zaidi ya sukari aliyompa jirani. Hilo lilimuuma Mama, na mimi liliniuma kwa ajili yake, maana mwaka mzima amejinyima mahali pasipo penyewe.

Maharagi ni habari nyingine. Wanga wake umefungiwa ndani ya kuta za seli, unatoka polepole. Yana pia sukari kama rafinosi ambazo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzikata. Zinateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanazila, wanatoa gesi. Mama huyalowesha usiku kucha na kumwaga maji yale, kama alivyofundishwa na mama yake kule Walungu. Sehemu ya sukari hizo huondoka na maji.

Viazi vilivyolala navyo, baadhi ya nyuzi zake hujipanga upya vikipoa, zikawa ngumu kukatika.

Jana nilishuka sokoni Kadutu kuchukua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Jioni Mama akajipakulia mwenyewe: maharagi mengi, sombe, sambaza, na fufu ya ukubwa wa ngumi yake. Baada ya saa mbili akanyoosha kidole kabla sijamwomba. 168.

"Kesho tupime ndizi," akasema.