Siku moja maishani mwangu: pau iliyorefuka usiku mmoja

Saa 1:40 asubuhi

Kabla sijafungua ujumbe wowote, nafungua dashibodi. Programu tunayoitunza inatumiwa na wasomaji wa mita za maji: mtu anafika kwenye mita, anaandika namba kwenye simu, anabonyeza Hifadhi, na simu ikipata mtandao inautuma usomaji huo kwenye seva. Dashibodi inaonyesha kwa chati ya pau wamesoma mita ngapi kila siku. Leo pau ya jana imesimama mara mbili ya zile za jirani zake. Msimamizi wa wasomaji ameshaiona, na ujumbe wake unanisubiri: "Jana vijana wamepiga kazi kwelikweli. Nimeshawapongeza."

Namba zenyewe zinasema jambo jingine. Siku ya kawaida huwa na usomaji 4,600 hivi. Jana ni 5,200. Hilo ni ongezeko la asilimia 13. Nautazama mhimili wa wima: unaanzia 4,000. Maktaba ya chati, yaani msimbo uliotengenezwa tayari unaotuchorea pau, imejichagulia mwanzo wake ili ijaze nafasi, kwa hiyo macho yanalinganisha 600 na 1,200. Pau husomwa kwa urefu wake wote. Ukiikata miguu unampotosha msomaji hata kama kila tarakimu ni sahihi. Chati ya mstari tunaisoma kwa mpando na mshuko wake, ndiyo maana inaweza kuvumilia mhimili usioanzia sifuri. Pau haivumilii.

Lakini nikishausahihisha mhimili, hizo 600 bado zitakuwepo. Wasomaji ni walewale, na mitaa ni ileile. Zimetoka wapi?

Saa 2:20

Naanza na swali ambalo ningemshauri kila mtu aanze nalo akiona ongezeko lisilo na sababu: je, kuna rekodi zilizojirudia?

SELECT mita_id, tarehe, thamani, COUNT(*) FROM usomaji GROUP BY mita_id, tarehe, thamani HAVING COUNT(*) > 1;

Amri hiyo inaiomba hifadhidata itaje kila usomaji wa mita moja, tarehe moja na thamani moja ulioingia zaidi ya mara moja. Zipo. Nikijumlisha zilizozidi napata 593, zote za jana. Nachukua mita moja niitazame kwa karibu. Imeingia mara tatu: saa 10:42:07, saa 10:42:39, saa 10:43:12. Msomaji mmoja, thamani moja, na kati ya rekodi na rekodi kuna sekunde thelathini na kitu. Namba hiyo naijua. Simu yetu husubiri jibu la seva sekunde 30, ikikosa inatuma tena. Maana yake seva ilipokea na kuandika kila mara, ila ilichelewa kujibu. Simu ikadhani ujumbe umepotea njiani.

Kutoka kwenye simu huwezi kujua kama ombi halikufika au jibu ndilo halikurudi. Hali zote mbili zinaonekana vilevile: kimya.

Saa 3:30

Kikao kifupi cha timu. Nasema niko wapi, naomba mtu wa kushirikiana naye upande wa simu, namaliza.

Saa 4:00

Sasa kwa nini seva ilichelewa? Kila usomaji unapoingia, seva hutafuta kwanza usomaji uliotangulia siku hiyo. Nalichukua swali hilo la hifadhidata na kuliwekea mbele EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha swali linavyotekelezwa. PostgreSQL, hifadhidata yetu, inanionyesha mpango wake: Seq Scan, yaani inapitia jedwali zima rekodi baada ya rekodi, milioni tisa. Indeksi, yaani orodha iliyopangwa ili kutafuta kuwe haraka, tunayo, tena juu ya safu hiyohiyo ya muda wa kupokelewa. Haikuguswa.

Sababu iko kwenye msimbo ulioingia juzi usiku, nami ndiye niliyeupitia na kuukubali. Sharti la zamani lilikuwa kipindi cha muda; jipya limeandikwa WHERE DATE(iliyopokelewa) = na tarehe. Linasomeka vizuri zaidi, na ndilo linaloharibu. Indeksi imepanga nyakati kama zilivyo ndani ya safu. Ukiifunika safu kwa DATE(), unaiuliza hifadhidata kuhusu kitu ambacho indeksi haikukipanga, kwa hiyo inalazimika kukikokotoa kwa kila rekodi.

Majaribio hayakulikamata kwa sababu hifadhidata ya majaribio ina rekodi elfu mbili tu. Kwa jedwali dogo hivyo kulipitia lote hakuna gharama, na mara nyingi PostgreSQL hufanya hivyo hata indeksi ikiwepo. Kwenye data halisi swali moja linachukua sekunde sita. Saa kumi jioni, wasomaji wanaporudi kwenye mtandao na simu zote kutuma kwa pamoja, maswali yanapanga foleni na sekunde 30 zinapita.

Narudisha kipindi: iliyopokelewa kubwa kuliko au sawa na mwanzo wa siku, na ndogo kuliko mwanzo wa siku inayofuata. Situmii BETWEEN hapa, kwa sababu inahesabu ncha zote mbili, na usomaji ulioingia saa sita kamili usiku utahesabiwa kwenye siku mbili. Sekunde sita zinakuwa milisekunde nne. Saa 5:40 marekebisho yako kwenye seva.

Ningeweza kuishia hapa na watu wangeridhika. Siridhiki, maana mtandao utakatika siku nyingine kwa sababu nyingine, na rekodi zitajirudia vilevile.

Saa 6:15 mchana

Mwenzangu wa upande wa simu amekaa kando yangu. Tumekubaliana hivi: kila usomaji upewe kitambulisho chake cha kipekee, UUID, hukohuko kwenye simu, kisha seva ikatae kuandika kitambulisho kimoja mara mbili. Kwenye hifadhidata naongeza safu mpya na indeksi ya UNIQUE, isiyokubali thamani kujirudia, nikitumia CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY ili uandishi usisimame wakati inajengwa. Rekodi za zamani hazina kitambulisho, na hazitagombana, kwani PostgreSQL kwa kawaida haihesabu NULL mbili, yaani nafasi mbili zisizo na thamani, kuwa sawa. Kisha INSERT, amri ya kuandika rekodi, inapata ON CONFLICT DO NOTHING, yaani kitambulisho kikigongana usifanye kitu, na seva inajibu "nimepokea" iwe imeandika sasa hivi au ilishaandika.

Tunajaribu. Anabonyeza Hifadhi, anazima mtandao papo hapo, anauwasha tena.

"Kaka, mbona zimeingia mbili tena?"

Tunafungua msimbo pamoja. Kitambulisho kinatengenezwa ndani ya kipande cha msimbo kinachotuma, kwa hiyo kila jaribio linazaa kipya, na seva inaona usomaji mbili tofauti. Kinatakiwa kuzaliwa kidole kinapogusa kitufe, kiandikwe kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu, pamoja na thamani, kisha kitumwe hichohicho hadi jibu lirudi. Anakihamisha, mistari minne. Tunarudia jaribio, mara ya pili tukiifunga programu kabisa katikati ya safari. Inaingia moja.

Ameongeza kingine ambacho sikukiomba: simu sasa inasubiri sekunde 2 kabla ya kutuma tena, kisha 4, kisha 8, na kila moja inaongeza kipande kidogo cha muda wa kubahatisha, ili simu mia zilizokosa jibu kwa pamoja zisirudi kwa pamoja. Nimefurahi sana kuliona hilo.

Saa 8:00 mchana

Mapumziko. Naacha simu mezani na kutembea.

Saa 9:00 alasiri

Kusafisha ya jana. Hapa sina haraka kabisa. Nanakili rekodi zote za jana kwenye jedwali la pembeni, naandika BEGIN, ili mabadiliko yasithibitishwe hadi niandike COMMIT, kisha nafuta kwa ROW_NUMBER(), inayozipa namba rekodi za kila kundi, nikibakiza ya kwanza katika kila kundi. Zimefutika 593, kama nilivyohesabu asubuhi. Kabla ya COMMIT natazama muda kati ya kila iliyofutwa na iliyobaki. Nyingi ni sekunde kadhaa au dakika chache. Sita ni saa tatu, saa nne.

ROLLBACK: narudisha zote.

Nampigia msimamizi. Ananieleza kwamba kuna mita sita zilizotiliwa shaka, akawarudisha wasomaji mchana wakahakiki, nao wakakuta namba ileile. Hiyo ni kazi halali ya miguu ya watu, na nilikuwa amri moja tu niifute. Naongeza sharti la muda usiozidi dakika 15. Safari hii zinafutika 587, zinabaki 4,613. COMMIT.

Nikiwa bado naye kwenye simu namwambia pia kuhusu pau. Ananyamaza kidogo, kisha anasema pongezi hazirudishwi, na 4,613 si haba.

Saa 10:20 jioni

Chati. Mhimili sasa unaanzia sifuri. Nagusa na mengine mawili yaliyonikera kwa muda mrefu. La kwanza, siku isiyo na rekodi haitokei kabisa kwenye matokeo ya GROUP BY, kwa hiyo chati ilikuwa inazibananisha siku mbili zilizoachana kana kwamba zimefuatana. Natengeneza orodha kamili ya tarehe kwa generate_series na kuiunganisha kwa LEFT JOIN. Siku ambayo seva ilikuwa imezima inabaki nafasi tupu, na siku ambayo hakuna aliyesoma inaandikwa 0. La pili, pau ya leo huwa fupi kwa sababu siku haijaisha. Naipa rangi hafifu na maneno "inaendelea".

Wastani wa mwezi uliokuwa pale juu sijaufuta, ila nimeuhamishia chini ya chati. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data zenye wastani uleule, 9 kwa x na 7.5 kwa y, na kipimo cha uhusiano kati ya x na y cha karibu 0.816 zote. Ukizichora, hakuna inayofanana na mwenzake. Wastani wetu wa mwezi nao leo asubuhi haukuonyesha dalili yoyote ya tatizo.

Saa 11:10 jioni

Wasomaji wamerudi kwenye mtandao. Nimefungua logi, kumbukumbu za kila ombi linaloifikia seva, na kuzitazama zikishuka. Jibu lililochelewa kuliko yote limechukua milisekunde 180. Toleo jipya la programu lipo kwa wasomaji wachache wa majaribio. Simu nyingine zote zitachukua siku kadhaa, na hadi hapo seva inapuuza usomaji wa mita ileile wenye thamani ileile ndani ya dakika mbili.

Simu moja ya majaribio iko mahali penye mtandao dhaifu. Naiona inatuma, inakosa jibu, inatuma tena baada ya sekunde mbili, kisha nne. Kitambulisho ni kilekile mara zote tatu. Nafungua jedwali na kukitafuta: rekodi moja.