Betri Iliyopondeka Kona

Mwewe ndiye aliyeiangusha droni yangu. Tulikuwa Mwiki kwenye harusi ya binamu yangu, maharusi wanakata keki, nami nimeipandisha droni juu ya mahema. Mkazi yeyote wa Nairobi anawajua mwewe hawa wanaomnyang'anya mtoto kipande cha nyama mkononi. Huyu alishuka kwa kasi, akaipiga ubavuni, propela ikachomoka, na droni ikagonga mabati ya jirani kabla ya kudondoka kwenye saruji. Hakuumia mtu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kabla hata sijaiokota.

Mkono mmoja ulikuwa umevunjika na kamera inaning'inia, lakini nilipobonyeza swichi taa ziliwaka zote. Hapo ndipo penye mtego. Droni iliyoanguka ikishawaka, watu huamini kwamba kilichobaki ni supaglu na propela mpya.

Shemeji yangu ni fundi wa simu, mkono wake mwepesi kweli kweli. Usiku ule alinikuta Umoja nikiwa nimeiweka mezani. "Leta hiyo kitu, shem," akasema, "tunaimaliza leo leo." Alipoichomoa betri akanyamaza. Kona yake moja ilikuwa imebonyea, alama ndogo ya kufunikwa na ukucha wa kidole gumba. Alipoinusa akanipa nami ninuse: harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Ilikuwa na joto pia, ingawa ilikuwa haijatumika tangu alasiri.

Ndani ya betri ya lithiamu kama hii mna matabaka membamba yaliyotenganishwa na utando wa plastiki. Utando ukichanika, matabaka yanagusana, joto linazaa joto zaidi, na hakuna swichi ya kulizima. Jambo hilo linaweza kutokea papo hapo, au saa nyingi baadaye watu wakiwa wamelala. Watoto wangu walikuwa wamelala chumba cha pili.

Mke wangu hakusubiri maelezo. "Hiyo itoke nje. Sasa hivi." Shemeji aliibeba kwa koleo hadi uwanjani, kwenye debe la mchanga uliobaki wa ujenzi, akaifukia nusu. Tulisimama pale tukiongea habari za harusi. Ilianza kuvimba, ikatoa sauti ya mvuke, kisha moshi mweupe, kisha moto mkali. Tuliwarudisha nyuma majirani waliotoka kuchungulia, kwa sababu moshi wa betri za lithiamu una sumu inayochoma mapafu. Mpaka leo nikiona mtu akichaji betri iliyoanguka, tena kando ya kitanda, siwezi kupita bila kumwambia.

Droni yenyewe tuliipeleka barabara ya Luthuli, mjini, kwa fundi ambaye shemeji anamheshimu. Mzee yule hakugusa waya wowote kabla ya kuondoa propela zote. "Hizi ni visu," alituambia. Alibadilisha mkono na mota, na skrubu za mota akazipima moja moja, kwani ikizidi urefu kidogo tu hugusa nyaya za shaba ndani na kuichoma mota ikiwa hewani. Alipoiwasha, akaweka kidole juu ya kila mkono kusikiliza mtetemo. Sijawahi kumwona daktari akimpima mgonjwa kwa utulivu kama ule.

Hata hivyo, tulipoijaribu kwenye uwanja mtupu, kimo cha goti tu, ilianza kuzunguka duara, na duara likizidi kupanuka. Tuliishusha upesi. Waya wa umeme wa mota mpya ulikuwa umepitishwa karibu na dira, na umeme mwingi ukipita kwenye waya huleta usumaku unaoipotosha dira, kwa hiyo droni haijui inaelekea wapi. Mzee aliuhamisha waya, akairekebisha dira upya, nayo ikatulia. Ingekuwa juu ya mahema, ingekwenda na nani?

Baadaye shule moja ya chekechea ikanipa kazi ya mahafali. Mwalimu mkuu alitaka droni ipite juu ya watoto wakirusha kofia. Nilimweleza kwamba kanuni za 2020 za Mamlaka ya Usafiri wa Anga zina masharti makali kuhusu kurusha droni juu ya watu, na kwamba hata nikipata kibali, hii yangu imefunguliwa na kufungwa, nami sijairusha vya kutosha kuiamini. Kitu cha karibu kilo moja kikianguka kwenye kichwa cha mtoto wa miaka mitano hakuna fundi wa kurekebisha hapo.

Hakufurahi. Alisema jirani yake angefanya kwa bei nafuu. Nilipanda ghorofa ya pili ya shule nikiwa na kamera ya mkononi, nikazipiga picha zile kofia kutokea dirishani, na picha zikawa nzuri.