Nyuki Dume na Mtoto wa Ziwa

Jana nimepanda bajaji kwenda Ipuli, hapa Tabora, tumebanana nyuma kama kawaida ya mji huu, na mama mmoja kapakata kiroba cha migebuka mikavu, wale samaki wa Ziwa Tanganyika. Mnaoijua harufu ya mgebuka wa kubanika mnajua haiombi ruhusa. Jamaa wa mbele akawa anakohoa kwa makusudi, mama wala hana habari naye, na mimi nilishaondoka pale zamani, nipo stesheni ya Tabora usiku, mwaka 1997, nina miaka 17 na chupa ya asali kwapani, namtafuta mtu ambaye sura yake siijui.

Mama watoto hii stori kaisikia mara nyingi na hajawahi kuiamini yote, basi leo naiandika ibaki.

Vijana mnaodhani kujuana na watu kwa sababu ya muziki kumeanza na simu, kaeni kidogo. Sisi tulikuwa na kadi za salamu za redioni. Unanunua kadi, unajaza jina na ulipo, unataja unaowasalimu, ujumbe, wimbo unaoutaka, unatumbukiza posta halafu unasubiri mpaka unasahau. Siku mtangazaji akikusoma mtaa mzima unajua, hata aliyekuwa kisimani anakuja kukwambia. Na pale hakuna aliyetumia jina la shule. Mi nilikuwa Nyuki Dume wa Isevya, Tabora, kwa vile babu alikuwa na mizinga huko porini na nikaona jina limekaa kiume. Na kulikuwa na mtu mmoja anajiita Mtoto wa Ziwa, Ujiji, Kigoma, huyo kadi zake zilikuwa ugomvi mtupu. Anasalimu watu wake wawili watatu, halafu ujumbe: nawasalimu na wote wanaojua kwamba baada ya Franco hakuna muziki tena. Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, alikuwa ameshafariki tangu Oktoba 1989, huyu mtu bado anamlilia redioni kama msiba wa jana.

Mimi nilikuwa mtu wa Pepe Kalle. Lile jitu la bendi ya Empire Bakuba, Mkongo naye, mwili kama mlango wa godauni na sauti juu yake, na wale wacheza shoo wake wafupi, we acha. Nikajibu kwa kadi. Naye akajibu. Tukasutana hewani hivyo miezi mpaka nadhani mtangazaji alituchoka, maana siku moja alisoma anwani zetu taratibu, mara mbili, akasema hawa wawili waandikiane barua watuachie nafasi. Tukaandikiana.

Barua zake zilikuwa kurasa nne, mwandiko umelala, kalamu ya bluu. Sikinde na Msondo, zile bendi mbili pinzani za Dar, tuligombana mpaka basi, mimi Sikinde, yeye Msondo damu, akinitajia nani alihama kwenda wapi mwaka gani utadhani ndo alikuwa anawaandikia mikataba. Kitu kimoja tu tulikubaliana, Tabora Jazz, na hapo nako tulikubaliana kwa ubishi, maana mi nasema wimbo wa Dada Asha ni wa kwetu, bendi ya kwetu, mtindo wa Segere Matata umezaliwa hapa hapa, yeye anasema Shem Karenga, mwanamuziki wa bendi hiyo, ni mtu wa Kigoma, nyie mlimpa gitaa tu. Katikati ya hayo anaweka maisha. Kwamba vita imeanza ng'ambo ya ziwa, Kongo, na watu wanavuka usiku kwa mitumbwi, wengine wanapelekwa kambini Nyarugusu, wengine wamejibanza kwa ndugu zao pale Ujiji, nyuma ya nyumba yake kuna mpiga gitaa katoka Uvira hana gitaa, anapiga vidole kwenye meza. Kwamba dagaa wamepanda bei. Kwamba ana deni mahali na hajui atalilipaje. Mimi nami nikamwandikia ya kwangu, namwita braza, nikamweleza habari za binti mmoja wa Cheyo ambaye sitamtaja maana mume wake namfahamu, na yeye akanishauri nisinakili mashairi ya nyimbo, niandike maneno yangu hata kama ni mabaya. Ushauri mzuri. Nilinakili hata hivyo.

Halafu ikaja barua kwamba anapita Tabora na treni kwenda Dar. Tubadilishane. Mjomba wangu alikuwa na santuri za Tabora Jazz, nimrekodie kanda, yeye ataniletea muziki wa Lingala alionasa kwenye stesheni za ng'ambo, maana pale Ujiji redio ukiigeuza kidogo tu unapata muziki ambao sisi huku tunausikia kwa mafungu. Nikarekodi. Nikachukua na asali ya babu, kwenye chupa ya bia, kizibo cha gunzi.

Wenyeji wa treni mnajua enzi zile Tabora haipitwi haraka. Mabehewa ya Kigoma yanafika, yanawasubiri ya Mwanza, yanaungwa, ndo safari ya Dar inaendelea. Kwa hiyo muda ulikuwepo. Ilitakiwa ifike jioni, ikafika usiku mkubwa, stesheni nzima vibatari, wamama na mabeseni ya karanga na matobolwa, wauza asali wanagonga chupa kwenye madirisha, watoto wa maji. Nikaanza behewa la kwanza naita. Mtoto wa Ziwaaa! Mtoto wa Ziwa, Ujiji! Ukiiita redioni ni jina, ukiiita stesheni ni kichaa. Mmoja akanijibu huyo kashuka Kaliua. Mwingine akauliza unauza bei gani. Nikafika daraja la tatu, sauti imeanza kukauka, mkono ukatoka dirishani, una bangili.

"Nani anaita?"

Nikasema namtafuta Mtoto wa Ziwa.

"Anatafutwa na nani?"

Hapo nikashusha sauti. "Nyuki Dume."

Behewa lilicheka lote, nawaambia ukweli, kuna mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Kichwa kikatoka, mama wa makamo, umri wa mama yangu kabisa au zaidi, kajitanda khanga, mjukuu kamlalia begani. Akaninyooshea kibatari cha yule mama wa karanga usoni, akaniangalia kuanzia juu mpaka kwenye kandambili.

"Wa Isevya?"

"Ndiyo."

"Wewe mtoto ndo unaniambia mimi Msondo wamechoka?"

Nikasema shikamoo mama. Ndo kilichotoka. Akasema marahaba, halafu akasema, "Nyuki dume hana mwiba. Ulijua hilo ukajiita?" Mjukuu wa mrina asali, naulizwa hilo mbele ya daraja la tatu zima. Nilijua. Sikujibu.

Yaani nataka muelewe pale nilipokuwa nimesimama. Kichwani mwangu barua zote zinajisoma upya moja moja, kila palipoandikwa braza, kila nilichosema kuhusu yule binti, na zingine nilisema mambo ambayo mtu hamwambii hata kaka yake wa tumbo moja, na yote hayo kayasoma mama mwenye mjukuu, pengine kwa miwani. Na kama hiyo haitoshi akauliza, sauti ile ile ya kuongea sokoni, "Na yule wa Cheyo, alijibu?"

Watu wakanyamaza kusikiliza. Wallahi wakanyamaza, hata wauza karanga.

"Bado."

"Atajibu tu," akasema yule mzee wa mbavu, kwa upole.

Lakini na yule mama nilimwona. Baada ya kucheka aliniangalia tena, safari hii taratibu, na nikaona naye anapiga hesabu yake, lile deni, yale ya nyumbani kwake aliyokuwa ananiandikia ukurasa wa mwisho akidhani anamwandikia mtu mzima mwenye mke na kodi ya kichwa, kumbe anamwandikia kidato cha tatu. Akaurekebisha mtandio. Akasema, "Mi nilijua una ndevu."

Tukapeana vitu. Asali juu, kanda juu, kwake ikashuka kanda ya TDK imefungwa na uzi na migebuka kwenye gazeti, akasema upande wa pili kuna huyo mnene wako, nimemweka kwa shingo upande. Halafu, na hii ndo inanisumbua mpaka leo, tukakosa cha kuongea. Treni haikuwa inaondoka, mabehewa ya Mwanza hata hayajafika, muda tunao tele, watu waliokuwa wanajazana kurasa nne nne za Franco na Pepe Kalle, na pale tumekutana pua na pua tunaulizana mvua. Huku imenyesha? Kidogo. Na huko? Huko ipo. Mjukuu anaitwaje, anaumwa au usingizi tu. Unafika Dar lini. Nilitaka nimuulize ile ya Msondo nani aliandika lakini nitamuulizaje, mama yule, na mdomo wangu umeshasema shikamoo? Injini ikagonga huko mbele, treni yote ikatikisika, mtoto akaamka akaanza kulia. Akasema haya mwanangu, kasome.

Nikarudi Isevya kwa miguu nanuka samaki.

Barua zilikuja tena, mbili kama sikosei, lakini zilianza na "mwanangu mpendwa" badala ya "kaka Nyuki", na ndani ni masomo, afya, niwasalimie wazazi. Hata Sikinde hakuitukana. Mi nikamwandikia kwa heshima zote, nikamaliza na ni mimi mtoto wako. Halafu zikaja mvua za El Nino mwishoni mwa mwaka ule, reli ikakatika, nami nikawa na mitihani, na sijui ni nani kati yetu hakujibu ya mwisho. Pepe Kalle alipofariki Novemba 1998 nilimwaza, nikajua huko aliko kasema haya sasa na wewe lia tuone. Shem Karenga naye alipokwenda, Desemba 2014, nikamwaza tena. Katikati hapo sikumwaza sana, nisiwadanganye.

Sasa kanda. Hakuwa na waya wa kurekodia, alichofanya ni kuweka redio mbili zikiangaliana mezani na kubonyeza, kwa hiyo kilichoingia ni Franco pamoja na Ujiji yote. Nyimbo za Franco mnazijua, mmoja unakula nusu ya upande, anaongea, analalamika, gitaa linazunguka, na pale linapotaka kuingia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, jogoo anawika. Anawika kwenye mapigo, sijui ilikuwaje. Baadaye adhana kwa mbali. Baadaye mtu anapiga vidole kwenye meza, karibu kabisa na redio, anafuata gitaa nukta kwa nukta, na huyo mimi nilimjua bila kuambiwa. Na sebene likiwa limekolea linakuja sauti la mwanamke, "Nani kachukua chumvi?" Mlango. "Nauliza nani kachukua chumvi?" Miaka yote ile nilidhani ni mke wa Mtoto wa Ziwa... hapana, naandika vibaya, nilikuwa nimeshamwona, nilijua ni yeye. Ila kila nikisikiliza najikuta nafikiria kuna braza mmoja kakaa pale kimya analinda kanda na mke wake anauliza chumvi.

Upande wa pili betri zilikuwa zinakufa wakati anarekodi. Mnaokumbuka kanda mnajua, betri ikichoka mkanda unakwenda polepole, halafu ukija kuupiga kwenye redio nzima kila kitu kinakimbia. Pepe Kalle anaanza vizuri, sauti ile nene, halafu kidogo kidogo anapanda, anapanda, mwisho lile jitu lote linaimba kama kifaranga na bendi inamkimbiza. Nilisema ni bahati mbaya. Siku hizi nashuku yule mama aliona kabisa betri zinaisha na akaacha.

Wimbo wa Franco nilikuja kuusikia msafi miaka mingi baadaye, kwenye simu ya mtu, umenyooka, kila gitaa na chumba chake. Mzuri. Sikuumaliza.

Kanda imeanza kukata, basi wiki iliyopita nikaipeleka kwa kijana mmoja pale mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, anayehamisha kanda kwenda kwenye flashi, anataka elfu kumi. Kaisikiliza na hedifoni, kakunja uso, akasema mzee hii ina kelele nyingi sana nyuma, kuna kuku, kuna mtu anaongea jikoni, ila nina programu inasafisha, itabaki muziki tu. Nikamwambia akigusa hata jogoo simlipi. Akanitazama. Akasema na huyu anayeimba kama katuni upande wa pili naye nimwache? Nikasema mwache.

Akasema sawa, ila bei haipungui.