Kwani nani ameibiwa?

Tangu Jumatano kuna neno limenikaa kooni. Shemeji amejifungua salama, Baba Neema amerudi kutoka Kitale, mshahara uliochelewa hatimaye umeingia, lakini mimi nasikia sauti moja tu: "Kwani nani ameibiwa, Sista?" Daktari hakulisema kwa ukali. Alikuwa akivua glavu, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

Mnajua rejista ya vyuma vya kuunga mifupa pale thieta iko mikononi mwangu. Kijana wa bodaboda alikuwa amevunjika mifupa yote miwili ya mkono, katikati ya kiwiko na kiganja. Mfupa wa kijana, mgumu. Hapo bamba la kawaida, kile kipande cha chuma kinachoshikizwa juu ya mfupa kwa skrubu za milimita 3.5, linatosha: toboa kwa drili ya 2.5, kaza skrubu tatu kila upande wa mvunjiko, piga eksirei, funga jeraha. Ombi lililofika mezani kwangu lilitaka mabamba ya kufunga, yale ambayo kichwa cha skrubu kina nyuzi na hujikaza ndani ya bamba lenyewe. Jina la kampuni lilikuwa limeandikwa kabisa. Bamba hilo lina mahali pake: mfupa wa mzee uliokwisha nguvu, mvunjiko wa karibu na kiungo, mfupa uliosagika. Bei yake ni mara kadhaa ya lile la kawaida, na ndugu za kijana walikuwa bado wanachangisha kwenye grupu ya WhatsApp.

Nikauliza, "Daktari, kuna sababu ya kuchagua hili?"

"Nimelizoea."

"Na ile semina ya Mombasa, iligharamiwa na kampuni hiyo?"

"Ndege, chumba na chakula. Nilienda kujifunza. Kwani nani ameibiwa, Sista?"

Kila nikilala namjibu upya. Kwanza namwambia kijana ameibiwa. Kampuni haitoi sadaka. Tiketi ya ndege inarudishwa kupitia bei ya bamba, na bei ya bamba iko kwenye bili ya yule kijana. Halafu kuna siku chuma kitatakiwa kutoka. Skrubu za kufunga zikikazwa bila bisibisi yenye kidhibiti cha nguvu, hukwama. Kichwa hulika, bisibisi ikazunguka bure. Akienda kutolewa mahali wasipokuwa na vifaa vya kampuni hiyo, daktari wa huko atalazimika kutoboa vichwa vya skrubu au kukata bamba, na vumbi la chuma libaki nyamani.

Nikigeukia upande wa pili nalifikiria lile neno "nimelizoea". Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Amelizoea kwa kuwa mtu wa kampuni ndiye anayeleta seti ya vyuma na vifaa vya kuazima jioni, anasimama nyuma yake asubuhi, anamtajia saizi kabla hajauliza. Mazoea hayo yamelipiwa, na daktari mwenyewe hahisi chochote. Ana mikono mizuri, anajali wagonjwa, na kama angehisi ananunuliwa naamini angekataa.

Tena hili halikuanzia Nairobi. Marekani, mwaka 2007, kampuni tano zilizoshika takriban asilimia 95 ya soko la nyonga na magoti ya bandia zilifikia makubaliano na waendesha mashtaka kuhusu malipo kwa madaktari wa mifupa. Nne kati yake zikalipa dola milioni 311 kwa jumla. Halafu kuna Infuse ya Medtronic, kampuni ya vifaa vya tiba: ni protini ya kuotesha mfupa kwenye uti wa mgongo, iliyoidhinishwa 2002. Tafiti 13 zilizofadhiliwa na kampuni, zenye wagonjwa 780 waliopewa protini hiyo, hazikutaja hata dhara moja lililotokana nayo. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la The Spine Journal lilipopitia upya ushahidi, likakadiria madhara kuwa asilimia 10 hadi 50, kutegemea mahali ilipotumika. Mwaka uliofuata Kamati ya Fedha ya Seneti ya Marekani ikaonyesha kwamba kati ya 1996 na 2010 kampuni iliwalipa madaktari walioandika tafiti hizo takriban dola milioni 210. Daktari wa mbali aliyesoma makala hizo akawawekea wagonjwa wake protini hiyo, yeye hakula hata chai ya kampuni. Naye aliibiwa, pamoja na mgonjwa wake.

Ijumaa moyo ulitulia kidogo. Kwenye kikao cha asubuhi daktari wa mafunzo, yule binti mpole, aliinua mkono mbele ya wakubwa wote akauliza, "Hili bamba tumelichagua kwa sababu gani?" Kimya. Halafu mkuu wa idara akasema swali hilo liingie kwenye fomu. Nilitaka kumkumbatia!

Kwa hiyo nimeandika rasimu ya utaratibu wa kuagiza vyuma. Ombi litaje aina, saizi na sababu ya kitabibu, jina la kampuni lisiwepo. Bei zitoke kwa wauzaji wawili au zaidi. Daktari aandike alichopokea: kutoka kwa nani, kitu gani, thamani, tarehe, na kifaa kinachohusika. Kwenye kamati ya ununuzi aliyepokea atoke chumbani, kwa maana kutangaza tu halafu ukabaki unapiga kura hakusaidii. Stika za namba ya loti, yaani kundi la utengenezaji wa chuma, zibandikwe kwenye faili na kwenye rejista, na skrubu zihesabiwe kwenye eksirei kabla ankara haijalipwa. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 inawahusu watumishi wa umma. Sisi wa hospitali binafsi tusijifiche hapo, maana Sheria ya Hongo ya 2016 inatugusa pia. Mafunzo yaendelee, ila pesa zipite kwa hospitali, na hospitali ichague nani aende.

Rasimu inasomwa Jumatatu, na yule daktari atakuwepo.

Sasa ni Neema. Shule imepiga simu: matroni anasema dawa zote za wanafunzi zinafungiwa ofisini, hata inhela. Bweni liko ng'ambo ya uwanja, ofisi inafungwa saa tatu usiku, na pumu yake huja alfajiri.