Kumbukumbu ya riwaya yangu: zile hekta 12

Novemba, wiki ya pili

Nimefuta sura nne, kama maneno 11,000. Ndani yake kulikuwa na magari yenye vioo vyeusi, bastola isiyolia na mkutano wa siri katika hoteli moja ya Area D. Juzi umeme ulikatika, nikazisoma kwa sauti kwa mwanga wa simu, na sikuona ukurasa hata mmoja ambao ni lazima utokee Dodoma. Ungeuhamishia mji wowote na usingepungukiwa kitu.

Ninachotaka ni riwaya ya taharuki kuhusu wananchi wanaoikatalia serikali inayojichukulia zaidi ya ilichopewa. Hapo sijayumba tangu nianze. Ila mchana kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi kwenye steshenari jirani na soko la Majengo. Zinapita mikononi mwangu barua za maombi, hati za kuuziana viwanja, mihtasari ya vikao vya vijiji, orodha za mahudhurio zenye saini zilizobanana. Nimewaona watu wazima wakitetemeka mbele ya karatasi moja yenye muhuri. Basi mbaya wa hadithi yangu nimempokonya bastola. Nimempa muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika.

Desemba

Wiki mbili sijaandika mstari, nasoma sheria. Nilidhani itanichosha, kumbe taharuki yote ilikuwa imelala humo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, kifungu cha 4. Rais akitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwa ajili ya manufaa ya umma, ukubwa wa eneo ndio unaoamua nani ana neno la mwisho. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anayeamua ni waziri, na mkutano mkuu unabaki kutoa mapendekezo yake. Niliposoma hivyo nilisimama, nikaenda nje kunywa maji.

Maana yake mtu anayetaka kukwepa kura ya wanakijiji hana haja ya kuchukua ardhi ndogo kwa siri. Anatakiwa achukue kubwa zaidi. Eneo la kwenye riwaya lilipimwa likawa hekta 241. Kwenye ramani inayopelekwa Mtumba, zilipo wizara, limekuwa 253. Hizo 12 zimetoka wapi? Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha: upande mmoja wa eneo una urefu wa kilomita 2, kwa hiyo ukiusogeza mpaka mita 60 tu kuelekea mashambani, umezipata hekta 12 kamili. Mita 60 ni mwendo wa dakika moja. Bikoni, yale mawe ya mpaka, zinahamishwa usiku mmoja kwa majembe na toroli.

Mjomba, ambaye ni fundi mwashi na ameshika kamba ya kupimia maisha yake yote, alinirekebisha jambo moja: "Nani kijijini anaongea hekta? Sema ekari, mama." Kwa hiyo wazee katika hadithi wanalalamikia ekari 30 zilizoliwa, na ni Nyemo, mhusika wangu mkuu, peke yake anayekaa na kalamu kuzigeuza kuwa hekta, akafika kwenye ile 250 na kuelewa kwa nini wamesogezewa mpaka.

Nimefanya kosa pia. Mwanzo niliweka kijiji upande wa Nala. Mteja mmoja mstaafu wa ardhi aliona karatasi zangu mezani akasema Nala ni jiji, na jiji lina mitaa, halina mkutano mkuu wa kijiji. Kweli kabisa. Nimekihamishia wilaya ya Chamwino, pembeni ya jiji, mahali ambapo watu wanaona bei za viwanja zikiwasogelea mwaka hadi mwaka tangu serikali ianze kuhamia huku 2016. Sura mbili zimebidi ziandikwe upya, njia zote za daladala zimebadilika.

Januari

Mvua imeshika. Nilikwenda Mvumi kumsalimia bibi na kumsaidia palizi ya uwele. "Mbukwenyi," nikapiga hodi, naye akaniuliza kwanza nimekula nini, ndipo habari nyingine.

Jioni nilimsomea sura ya kwanza. Kijiji kizima kimesimama kwenye mkutano, watu wanapaza sauti, Nyemo anahutubia. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Watu wako wana kelele sana, mjukuu wangu."

Akanieleza Operesheni ya 1971, walipoambiwa wahamie kwenye kijiji kipya. Lori lilikuja, likapakia vyungu na jiwe la kusagia. Tembe ya baba yake ilibomolewa paa wakiwa wanaangalia. Hakuna aliyepiga kelele. Walifika kule walikopangwa, wakachora mistari ya nyumba kama walivyoonyeshwa, na alfajiri, kabla hakujapambazuka, wanawake walitoka na majembe kurudi kulima mashamba yao yale yale ya zamani. Msimu mzima. Waliporudi mchana waliitikia "ndiyo" kwa kila walichoambiwa.

Sikulala vizuri usiku ule. Ukaidi niliokuwa nauandika ulikuwa wa jukwaani. Huu wa bibi ni wa mguu, na una umri mkubwa kuliko mimi.

Hotuba ya Nyemo nimeiondoa yote. Sasa anasimamia mashine ya kusaga. Kila mtu anapita pale, na wasio na hela anawaandika kwenye daftari la mkopo: jina, debe ngapi, tarehe. Muhtasari wa kughushi unasema tarehe fulani watu 214 walihudhuria mkutano kuanzia saa nne asubuhi na kuridhia ukubwa wa eneo na mpaka mpya. Daftari la Nyemo linaonyesha saa zile watu wengine walikuwa kwenye foleni yake, na waliobaki, kwa kuwa ni Januari, walikuwa kwenye palizi. Mtu yeyote aliyewahi kuitisha mkutano Dodoma wakati wa palizi anajua akidi haitimii.

Februari

Sura ya saba imenipa homa. Mwenyekiti wa kijiji anakamatwa. Nilitaka akae ndani miezi, nikajikumbusha kwamba msomaji wangu anazijua sheria za kwao. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa au wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48 akiona anahatarisha amani. Muda ukiisha hajafikishwa kwa hakimu, anaachiwa. Saa 48 zinatosha kabisa. Anachukuliwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Mkutano halali, ule wa kuukana muhtasari wa uongo, umeitishwa Jumamosi. Anatoka Jumapili jioni, nguo zimejaa vumbi, na siku yenyewe imeshapita. Hakuna aliyempiga kibao. Nimejaribu kuiandika sura hii bila neno "dhuluma" hata mara moja.

Maneno 27,400.

Machi

Jumapili baada ya kikoba niliwaomba akina mama wabaki nusu saa, nikawasomea sura ya tisa. Humo Nyemo anapata kopi ya orodha ya mahudhurio, na kati ya majina anaona la shangazi yake mkongwe, na saini yake ya kuning'inia mwishoni kama mkia wa ndege. Nilijivunia sana ile saini.

Mama mmoja anayeuza zabibu akaniuliza, "Huyo shangazi kasoma?"

"Hapana, mama, hakusoma."

"Sasa saini hiyo kaipata wapi, mwanangu? Sisi tunaweka dole gumba."

Wakacheka wote, nami nikafungua daftari pale pale nikaandika. Miezi mitatu nimekuwa nikitafuta jambo la kumfanya Nyemo aache kushuku na aanze kujua, na lilikuwa kwenye kidole cha kila aliyekaa mbele yangu. Sura ya tisa inaandikwa upya yote. Nyemo sasa anahesabu: kwenye orodha nzima ya watu 214, katika kijiji ambacho nusu ya wazee hawakuona darasa, hakuna alama ya dole gumba hata moja.

Aprili, wiki ya kwanza

Sura 14, maneno 38,000. Nimekwama kwa mtendaji wa kijiji.

Yeye ndiye aliyeandika ile orodha. Mwanzo nilimfanya mla rushwa mwenye kitambi, nikamwona wa uongo kila alipofungua mdomo. Sasa ni kijana, mwajiriwa mpya kutoka mkoa mwingine, amepanga chumba kimoja, na aliambiwa kwa simu muhtasari uwe umefika kufikia Jumatatu. Aliandika majina usiku kucha kutoka kwenye orodha ya chakula cha msaada. Mkono ulipochoka akaanza kuzipamba saini ili zisifanane.

Anakuja mashineni jioni, debe moja la mtama begani, foleni imeisha. Anajua Nyemo ana daftari. Nyemo anajua kwamba anajua. Akilichukua daftari, kesi imekufa. Akimwomba msamaha, yeye ndiye shahidi pekee anayeweza kusema nani alipiga simu. Nimeiandika mara tatu. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili alitisha, mara ya tatu walizungumza mno kama watu wa redioni.

Kesho nikishafunga duka nitajaribu tena. Nitaanzia pale Nyemo anapozima mashine na unga bado unamwagika kidogo kidogo kwenye debe lake.