Mbwa wa waya niliyemtupa motoni

Jioni ile nilikuwa natengeneza mbwa kwa mara ya nne na miguu ya nyuma bado ilikuwa ya kiti. Kichwa kimekaa poa, masikio poa, mkia umejikunja vile napenda, afu ukishuka nyuma unakuta vyuma viwili vimesimama wima kama vimeazimwa kwenye meza. Mdogo wangu akapita, akachungulia, akaniuliza, "Kaka, huyu ndo anabweka au tunamwekea sahani juu?" Sikumjibu.

Hakuna mtu aliyenifundisha hii kazi. Nilikuwa na plaizi moja ya mdomo mwembamba, nyingine ya kukatia, na bonge la waya wa kopa niliofumua kwenye mota ya pampu iliyoungua, ule wenye vanishi ya kahawia, unene kama milimita 1 hivi. Kuifumua tu ilinila wikiendi nzima. Wala sikujua duniani kuliwahi kuwa na Mmarekani anaitwa Alexander Calder aliyeanza kutengeneza sarakasi yake ya waya kule Paris mwaka 1926, ningejua ningeenda kuchungulia miguu ya wanyama wake nikaiiba. Mi nilikuwa naiba kichwani kwangu mwenyewe, na kichwani kwangu mbwa ana miguu minne, goti liko katikati kama langu, basi.

Kwa hiyo nakunja goti mbele, naona haiko sawa, nanyoosha, nakunja nyuma, naona saivi amekuwa panzi, nanyoosha tena. Na ule mguu nilikuwa nimeusuka nyaya mbili pamoja kwa kuzibana kwenye drili na kuzungusha, ukatoka imara kweli nikafurahi, kumbe ule uimara ndo ulikuwa ugonjwa wenyewe. Kopa iko hivyo, kila ukiikunja au kuisokota au kuigonga inazidi kuwa ngumu, hakuna kilichoongezeka ila mpangilio wake wa ndani unavurugika na kubanana mpaka hauna tena pa kutelezea, sasa ukiulazimisha unakatika. Mi nilidhani waya umenuna tu. Ukikaza nami nakaza plaizi, ukikaza nami nakaza, na mara ya sijui kumi na ngapi nikasikia tak! Mguu umebaki mkononi.

Nje kulikuwa na moto wa majani makavu na vipande vya mbao tuliokuwa tunachoma baada ya kufagia. Nikatoka na mbwa wangu nikamtupia katikati, na mguu wake nikautupa nyuma yake umfuate. Vanishi ikaungua ikatoa moshi mchungu ule unaokaa kooni (usiuvute, mi niliuvuta kwa sababu nilikuwa nimesimama pale pale kukodolea macho ushindi wangu), afu nikarudi ndani nikalala bila kuongea na mtu.

Asubuhi hasira zimeisha, imebaki aibu. Nikaenda kufukua majivu na kijiti nikitegemea kukuta matone ya kopa, nikamkuta yuko mzima, mweusi tii. Kopa mpaka iyeyuke inataka nyuzi joto 1,085, moto wa takataka haufiki huko. Nikamshika mguu nimnyanyue na ule mguu ukapinda. Vidole tu, plaizi iko ndani mezani! Ule ule mguu wa jana uliokuwa unanitoa jasho.

Nikakaa chini hapo hapo nikawa naukunja na kuunyoosha kama mtoto, afu nikashtuka nikaacha, maana nilihisi unaanza tena kukaza. Moto ulikuwa umeufungua, mi nikawa naufunga upya kwa mchezo. Siku zilizofuata nikajaribu kwa makusudi, unapasha mpaka uwe na wekundu wa mbali, unachovya kwenye maji, unabaki laini, wala haufanyi kama chuma cha visu ambacho ukikichovya hivyo kinakuwa kigumu. Ila ule waya wa uzio wa rangi ya fedha usiutie motoni kabisa, una zinki juu na moshi wake unampa mtu homa.

Basi nikiwa pale chini, mbwa wetu mzee akaja kunusa majivu, akajinyoosha, ile ya kushusha kifua na kubinua makalio. Namwona kila siku ya Mungu. Safari hii nikaangalia mguu, na lile nililokuwa naliita goti la nyuma, lile linalopinda upande usio wake, sio goti, ni kisigino! Mbwa anatembea kwa vidole, kisigino kiko hewani, na goti lenyewe liko juu karibu na tumbo, linatazama mbele kama langu. Nikamsogelea nimpapase paja nihakikishe, akadhani tunacheza, akalala chali miguu juu, uchunguzi ukaishia hapo.

Mguu uliokatika nikauunga kwa kuuzungushia waya mwembamba. Nikakunja mara moja juu kwenda mbele, mara moja chini kwenda nyuma, nikatoa mikono haraka nisije nikaharibu. Nikamsimamisha juu ya tofali, akasimama, ameegemea kushoto kidogo.

Mdogo wangu akatoka na mswaki mdomoni, akamzunguka mara mbili kimya, akatema povu.

"Kaka, huyu anataka kukaa au anataka kuruka?"

Nikamwambia muulize mwenyewe.