Pauni 180 kwa mtoto wa meza

Pauni 180! Kutengeneza droo moja ya kabati. Fundi alikuja, akaivuta, akaisukuma, akanionyesha bei kwenye simu, akaaga. Kwa hela hiyo Keko, kwa maseremala wa Dar, unaondoka na kabati lenyewe na nauli ya bajaji inabaki. Mimi niliyepiga randa Keko miaka 11 nikaona huo sasa ni utani. Nikatafuta misumari.

Kumbe ile droo haina msumari hata mmoja. Kona zake zimefumwa kwa meno yaliyochanua kama mkia wa njiwa: ukivuta mbele, yanazidi kukaza. Mawili yalikuwa yamevunjika.

Mwenzangu wa zamu ya usiku (hapa Sheffield, Uingereza, mimi ni mbeba maboksi ghalani, useremala wangu naujua mwenyewe) akanielekeza kwenye karakana ya wastaafu. Chai unachangia, mafunzo bure. Nikaenda kifua mbele. Nikapewa vipande viwili vya paini, nikakata kwa spidi ya Keko. Meno yakaingia, mianya ikabaki. Si neno, nikachanganya gundi na vumbi la mbao, nikaziba, nikapiga msasa. Mzee wa miaka 78 akaigeuzageuza ile kona, akaibana kwenye jiliwa, akaikata yote kwa msumeno. "Anza tena."

Nilikasirika, jamani. Wiki ya sita hii. Penseli amenipokonya; mstari unachorwa kwa kisu, patasi ipate pa kukaa. Msumeno upite upande wa kinachotupwa, mstari ubaki. Unachimba nusu upande huu, unageuza, unamalizia upande wa pili, la sivyo mbao inanyofoka. Mlalo wa jino paini ni moja kwa sita (hatua moja pembeni kwa kila sita za urefu), mbao ngumu kama mninga wetu moja kwa nane. Na usijaribishe kila dakika, unalegeza. Patasi inanolewa mpaka inyoe malaika ya mkono, mimi niliyezoea kunolea sakafuni!

Kinachoniuma ni kwamba bosi wangu wa Keko asingeweza kunipa wiki sita hata angetaka. Mteja kalipa nusu, anapiga simu tangu alfajiri.

Mnaotaka kuja, vyeti vya VETA, vile vya ufundi stadi, mje navyo. Mimi niliviacha kwa shangazi nikidhani mikono itajieleza. Kwenye ujenzi wanaulizia kadi ya ujuzi kwanza, mikono baadaye.

Eti nimwite yule mzee kwa jina lake tupu. Rika la baba yangu! Nimemwita Mzee, sasa karakana nzima inamwita Mzee.

Alhamisi kona yangu iliingia kwa nyundo ya mti mara mbili tu, bila mwanya. Akaipeleka dirishani, akaitazama, akaitia mfukoni mwa koti bila neno. Droo yenyewe? Hajaniruhusu kuigusa. Soksi za watoto ziko kwenye boksi la ndizi, na mama watoto anauliza mahafali lini.